Kiingereza cha Wodini, Sehemu ya 9: Maneno ya Jela

Mnaoingia usiku poleni, mliotoka usiku kalaleni kwanza. Posti hii ni ndefu na haikimbii.

Kwa wageni: huu ni mfululizo wetu sisi manesi tuliosoma diploma kwa Kiingereza cha kukariri. Wengine tunajiandaa na mtihani wa OET au IELTS ili tupate usajili Uingereza, wengine tunataka tu kuandika faili bila kumvuta mwenzako pembeni umuulize "hivi hili linaandikwaje?" Sehemu ya 8 ilikuwa ya mkojo na kinyesi, na kwa jinsi mlivyocheka najua somo liliingia.

Leo ni jela. Msikimbie. Wiki iliyopita dada mmoja anayejisomea aliniuliza, "Sista, 'jail' na 'prison' ni kitu kimoja? Na hii 'gaol' niliyoiona kwenye kitabu, wamekosea kuchapa?" Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta naandika kurasa, maana kila neno la jela nililoligusa lilikuwa na kitanda cha hospitali ndani yake.

Tuanze na swali lenyewe tulimalize. "Gaol" hawajakosea. Ni "jail" ile ile, inatamkwa vile vile, tahajia tu ndo mbili, kwa sababu Waingereza walilipokea neno hilo kwa Wafaransa wa sehemu mbili tofauti. Mzizi wake ni Kilatini, kizimba kidogo, na "cage", lile tundu la ndege, limetoka humo humo. Sisi tukachukua "jela". Kwa Wamarekani "jail" ni pa kusubiria kesi na vifungo vifupi, mara nyingi chini ya mwaka mmoja, na "prison" ni pa vifungo virefu. Waingereza wao rasmi husema "prison" kwa vyote. Ukifika kule, andika "prison" utakuwa salama.

Neno "gereza" lina safari yake. Wataalamu wa lugha wanalitoa kwenye neno la Kireno la kanisa. Ile ngome ya Wareno pale Mombasa, Fort Jesus, Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Kanisa, ngome, jela, leo makumbusho. Sijui kama kuna neno lingine la Kiswahili lililobadilisha kazi hivyo.

Sasa kitu cha muhimu, naomba mkishike maana nitakirudia chini. Kiingereza kina "prisoner", na "prisoner" anaweza kuwa mtu aliyehukumiwa au mtu ambaye hakimu hajamsikiliza hata siku moja. Ukitaka kutofautisha lazima uongeze neno: "convicted prisoner" kwa aliyehukumiwa, "remand prisoner" kwa anayesubiri. "Remand" maana yake ni kurudisha: hakimu anasema mrudisheni, mleteni tarehe fulani. Ndo "rumande" yetu hiyo. Kiswahili hakina shida hii. Mfungwa ni mfungwa na mahabusu ni mahabusu. Mahabusu ni neno la Kiarabu, mtu aliyezuiwa, basi. Halisemi amefanya kosa. Hapa lugha yetu inatenda haki kuliko ya wenzetu, na inatenda kwa neno moja tu.

Haya, tuingie wodini.

Neno lenyewe "ward". Ni Kiingereza cha zamani sana, maana yake ulinzi. "Guard" ni ndugu yake, amepitia Ufaransa akarudi na nguo nyingine. "Warder" ni askari jela, "warden" ni mkuu au mwangalizi. Magereza ya Kiingereza nayo yana "wards". Hata ndani ya kufuli za zamani kuna vile vikingo vya chuma vinavyozuia ufunguo usio wake usizunguke, navyo vinaitwa "wards". Kwa hiyo ukisema uko wodi namba 3, kwa asili ya neno umesema uko kwenye lindo namba 3. Mgonjwa analindwa na maradhi au analindwa asitoke? Neno halisemi.

"Cell" je? Mwaka 1665 Robert Hooke, Mwingereza, aliangalia kipande cha kizibo kwenye hadubini akaona vijumba vidogo vidogo vimepangana. Akaviita "cells". Ndo hizo tulizochora Kidato cha Kwanza tukapaka rangi ya penseli. Neno hilo moja limeingia Kiswahili mara mbili kwa milango miwili. Kupitia maabara limekuwa "seli", tukapata selimundu. Kupitia kituo cha polisi limekuwa "selo". Niliwahi kuwa na wodi ambayo kitanda cha kwanza kuna kijana wa selimundu na cha pili kuna kijana katolewa selo amevimba uso, na kwa Mwingereza wote wawili tatizo lao linaanza na neno moja.

"Arrest" pia. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa wanacheka wakisikia "cardiac arrest", wanauliza moyo umekamatwa na nani. Asili ya neno ni kusimama, kusimamisha. Polisi anamsimamisha mtu, moyo unasimama, uchungu wa kuzaa nao unaweza kusimama njiani na kitabu kikauita "arrest of labour".

Na hii hapa ni ya mtihani, andikeni. Kiingereza cha Uingereza kinasema "She is in prison" kwa mfungwa, lakini mke aliyeenda kumsalimia mumewe au fundi aliyeenda kuziba bomba yuko "in the prison" au "at the prison". Hospitali inafuata kanuni hiyo hiyo! "I am in hospital" maana yake nimelazwa. Wewe nesi uliyeko kazini unasema "I am at the hospital" au "at work". Mnaona basi, ukiondoa kile kineno "the" unageuka kuwa mwenye kitanda. Shule, kanisa na mahakama viko kwenye kundi hilo hilo. Wamarekani wao wanasema "in the hospital" hata kwa mgonjwa, kwa hiyo msije mkachanganyikiwa mkiangalia tamthilia.

Kama mnadhani nalazimisha undugu wa hospitali na jela, nendeni Zanzibar, mkapande boti kwenda Changuu. Watalii wanakiita Kisiwa cha Gereza. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, alikichukua kisiwa akajenga gereza. Gereza likaisha, na hakuna mfungwa hata mmoja aliyewahi kufungwa humo. Badala yake pakafanywa karantini: abiria wa meli waliohofiwa kuwa na homa ya manjano na magonjwa mengine walishushwa pale wakae wachunguzwe. Majengo yapo mpaka leo, na makobe makubwa yanakula majani nje. Mtu hakuiba, hakupiga, hakutukana. Alisafiri tu, akaishia nyuma ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya wahalifu.

Na neno "isolation" tunaloandika kwenye mlango wa chumba cha kifua kikuu sugu? Limetoka kwenye neno la Kilatini la kisiwa. Kumtenga mtu ni kumfanya kisiwa. Changuu walifanya kwa vitendo.

"Quarantine" ni arobaini ya Kiitaliano. Mji wa Ragusa, leo unaitwa Dubrovnik, mwaka 1377 uliamuru wanaotoka sehemu za tauni wakae siku 30 kwanza. Baadaye ikawa 40 na jina likabaki. Sisi arobaini tunazijua vizuri: za mzazi, za marehemu, na za mwizi. Naomba mtu wa isimu aje aniambie kwa nini binadamu wote wanapenda namba hii.

Sasa nafika nilipotaka kufika. Vuteni viti.

Wakunga wa zamani, wale mama zetu waliotufundisha kushika fetoskopu, wakihesabu tarehe ya kujifungua hawakuandika EDD kama sisi. Waliandika EDC. Hesabu ni ile ile ya Naegele, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, toa miezi 3. Lakini ile C ni "confinement". Tarehe inayotarajiwa ya kifungo! Niliposoma hivyo mara ya kwanza chuoni nilidhani kitabu kimechanganyika na cha sheria. "Solitary confinement" ni kumfungia mfungwa peke yake, hilo nilishalisikia kwenye redio. Kumbe kwa Waingereza mwanamke kuzaa kuliitwa hivyo hivyo, na hawakuwa wanatania. Wanawake wenye uwezo walifungiwa chumbani, mapazia yameshushwa, wanawake wenzake tu ndo wanaingia, akatulia huko karibu mwezi mzima. Waliita pia "lying-in", kulala ndani. Hospitali ya wazazi ya Rotunda kule Dublin, iliyoanzishwa 1745, ilianza na jina hilo la kulala ndani.

Baada ya "confinement" inakuja "labour". Hili nalo lina kaka jela: "hard labour" ilikuwa adhabu, kifungo na kazi ngumu. Sisi tumelifupisha tukapata "leba", na leo bibi wa kijijini kabisa atakwambia mjukuu wake yuko leba bila kujua kwamba anasema yuko kazi ngumu. (Ingawa bibi anajua. Yeye amezaa saba.)

Halafu "delivery". Ndani ya neno hili kuna neno la Kilatini la kuweka huru. Mahakama za Uingereza zamani zilikuwa na kikao kinaitwa "gaol delivery": majaji wanakwenda mji fulani kumaliza kesi za waliomo jela, jela iwe tupu. Kwa hiyo "delivery" ya jela ni kuitoa jela watu wake. Na kwenye Kiingereza cha zamani aliyewekwa huru kwenye uzazi hakuwa mtoto, alikuwa mama. Walisema "she was delivered of a son", yaani mama ametolewa kwenye kifungo chake. Leo wamegeuza. Leo mkunga anasema "I delivered the baby", mimi nimemtoa mtoto. Mama amepotea kwenye sentensi. Angalieni ripoti zenu za asubuhi muone mara ngapi mama amepotea.

Kwa hiyo kwa Kiingereza uzazi ulikuwa hadithi ya jela tangu mwanzo mpaka mwisho. Unafungiwa, unapigishwa kazi ngumu, halafu mtu anakuja kukutoa.

Kiswahili kinasemaje? Kujifungua.

Nimelitumia neno hili miaka kumi na mbili kazini bila kuliangalia. Funga. Fungua. Jifungua. Hakuna jaji, hakuna daktari, hakuna mkunga. Ni mama, na anachokifungua ni yeye mwenyewe. Sisi tunaokaa miguuni pake tuna neno letu, tunazalisha, ni sawa, ni kazi. Lakini yeye anajifungua. Tunasema hata mlango wa kizazi "umefunguka sentimita 6". Tunamwambia usisukume, hujafunguka bado. Kwenye leba ya Kiswahili kila kitu ni mlango unaofunguka na mwenye ufunguo ni yule aliyelala pale.

Naomba msinielewe vibaya, sisemi Kiswahili ni malaika. Kutokana na "funga" hiyo hiyo tuna kufungwa miaka thelathini, kufungwa mabao matatu, kufunga ndoa, kufunga Ramadhani, kufunga choo. Kifungo ni cha shati na ni cha gerezani. Mwenye lugha hii anajua kufunga.

Nitawaeleza kwa nini hili neno lilinikaa.

Miaka kadhaa nyuma, hospitali nyingine siyo niliyopo sasa, sitaitaja, tuliletewa mama kutoka magereza usiku. Mimba ya kwanza, umri miaka ishirini na kitu. Aliyemleta ni askari wa kike. Daktari wa zamu, kijana tu, alimpokea akaandika juu ya faili kwa Kiingereza: "Prisoner". Akaweka na mstari chini. Hakuwa na nia mbaya, ndo neno alilokuwa nalo.

Lakini lile neno lilitembea wodini haraka kuliko sisi. Kufikia nashika faili, mhudumu anamwita "yule mfungwa". Mama wa kitanda cha jirani ameshahamisha kikapu chake upande wa pili. Na binti alipolia, mwenzangu mmoja akasema, "Hao wanajifanyaga, anataka akae huku asirudi." Nilipomuuliza binti mwenyewe historia yake akaniambia kwa sauti ya chini ni mahabusu, miezi mitano, kesi haijaanza kusikilizwa. Alikuwa mdada wa kazi, pesa zimepotea ndani ya nyumba. Kama alichukua au hakuchukua sijui, na haikuwa kazi yangu kujua. Hakimu mwenyewe alikuwa bado hajui.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na pingu, imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Wa kulia nikamfunga mkanda wa presha. Kwa Kiingereza zote mbili ni "cuff". Hilo nililigundua juzi tu nikiandika posti hii, na niliacha kuandika kwa muda.

Nikamwambia askari, "Afande, naomba umfungue, amefika sentimita 8."

"Sista, mimi sina amri ya kumfungua."

"Ufunguo unao?"

"Ninao."

"Hawezi kugeuka ubavu. Hawezi kushika miguu yake."

"Akitoroka nafungwa mimi."

Na mjue alikuwa anasema kweli. Simlaumu yule dada, alikuwa kwenye kifungo chake yeye pia. Tatizo ni kwamba baada ya maneno hayo alitoka kwenda kutafuta chai, na ufunguo ukaenda naye mfukoni.

Nikampigia inchaji wetu. Alikuwa mkunga wa miaka mingi, mama mfupi hana makeke. Alikuja na kanga begani, akamsubiri askari pale mlangoni. Aliporudi hakumfokea. Akamwambia, "Mwanangu, andika kwenye kitabu chako kwamba mimi ndiye niliyekwambia, weka na jina langu. Huyu akianza kutoka damu sina dakika za kukutafuta kwenye chai. Wewe kaa hapa mlangoni, mlango ni huu mmoja." Pingu ikatoka.

Binti akajifungua saa kumi kasoro, mtoto wa kike, kilo 2.8. Kondo lilikawia, damu ikaja. Tukampa oxytocin, tukakanda tumbo, tukahitaji mshipa wa pili. Ule mkono wa kushoto, uliokuwa umefungwa nusu saa kabla, ndo tuliopata mshipa mzuri. Alipona. Asubuhi nilivyokabidhi zamu sikusoma neno lililokuwa juu ya faili. Nilisema kwa Kiswahili: "Kitanda cha 4, mzazi, kajifungua usiku, ametoka damu, ni mahabusu, hana pingu na inchaji ana taarifa." Mwenzangu wa asubuhi akauliza, "Kumbe siyo mfungwa?" Nikamwambia siyo. Akaenda kumtafutia uji.

Wakati ule sikujua kwamba kuna kanuni zimeandikwa. Zipo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake walioko magerezani, zinaitwa Kanuni za Bangkok, za mwaka 2010. Kanuni ya 24 inasema vifaa vya kumfungia mtu visitumike kamwe kwa mwanamke akiwa kwenye uchungu, akijifungua, wala mara tu baada ya kujifungua. Kanuni za Mandela za 2015 zimerudia hivyo hivyo, kanuni ya 48. Kwa Kiingereza neno linalotumika ni "instruments of restraint", na mkilitafuta kwa neno "handcuffs" mnaweza msilione, ndo maana nawapa. Chapisheni, bandikeni chumba cha manesi. Kwa afande wa usiku, karatasi yenye namba ya kanuni inasaidia zaidi ya machozi yetu.

Wale mnaoenda Uingereza, bado kuna neno moja litawapiga chenga, na hili ni zito. "Sectioned." Sisi tukisikia "section" akili inakimbilia upasuaji wa uzazi. Ukiwa kule ukasikia kwenye makabidhiano "she was sectioned last night", usikimbilie kuangalia kidonda cha tumbo! Maana yake amezuiliwa hospitalini kwa sheria ya afya ya akili, Mental Health Act ya 1983, na "section" ni kifungu cha sheria. Kifungu cha 2 kinaruhusu mgonjwa kuzuiliwa kwa uchunguzi mpaka siku 28. Kifungu cha 3 ni kwa matibabu, mpaka miezi 6, na kinaweza kuongezwa. Na kipo 5(4), kinachompa nesi wa afya ya akili au wa ulemavu wa kujifunza mamlaka ya kumzuia mgonjwa aliyekwisha kulazwa kwa matibabu ya akili, asiondoke kwa saa 6, wakati daktari anatafutwa. Nesi! Saa sita! Mimi nilisoma nikakaa kimya. Huku kwetu tunazuia watu kila siku kwa "mama tulia, daktari anakuja", bila saa, bila fomu, bila mtu wa kuja kuangalia kama tulikuwa na haki. Wao wameandika, wameweka kikomo, na mgonjwa ana pa kukata rufaa. Wengine wataona sheria yao ni kali. Mimi naona afadhali mlango ambao unajua utafunguliwa saa ngapi.

Neno la mwisho kwa leo ni "absconded". Tunaliandika sana: mgonjwa hayupo kitandani, tumemtafuta chooni, simu haipokelewi, tunaandika "absconded" na tunasaini. Kwa Kiswahili tunasema ametoroka. Kwa Kiingereza ni neno la mtu aliyekimbia sheria, mahabusu aliyeruka dhamana, mdaiwa aliyehama usiku. Mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye hakuna sheria iliyomzuia, hawezi kutoroka hospitali. Anaondoka. Kule andikeni "self-discharged" au "left before being seen", kutegemea ilivyokuwa, na ile ya kutoroka muiache kwa mgonjwa aliyezuiliwa kisheria.

Lakini na sisi tusijifanye hatujui kwa nini tunalitumia. Kuna hospitali mgonjwa akipona anabaki kwa sababu ya bili. Kenya jambo hili lilifika mahakamani: wanawake wawili waliozuiliwa Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa gharama za kujifungua, walishitaki, na mwaka 2015 Mahakama Kuu ikasema kuwazuia kulivunja haki zao, ikaamuru walipwe fidia. Mtu kajifungua, halafu kafungwa. Sentensi hiyo kwa Kiingereza haiumi. Kwa Kiswahili inauma.

Hospitali moja niliyopita tulikuwa na kijana wa bodaboda, mfupa wa paja, kapasuliwa vizuri, kapona. Daktari akamwandikia ruhusa Jumanne. Na neno "ruhusa" nalo nilitazame tena siku nyingine, maana ukipewa ruhusa ya kuondoka ina maana kuna aliyekuwa amekunyima. Bili ilikuwa haijalipwa. Jumatano akalala pale, Alhamisi akalala pale, wiki ya pili ikaingia. Chakula alikula cha wagonjwa wenzake. Ikabidi kwenye kitabu cha wodi tumhesabu mahali fulani: si mgonjwa, kwa sababu hana dawa, na hajaondoka, kwa sababu yupo. Kulikuwa na safu yake kabisa imechorwa kwa rula, na juu yake imeandikwa "discharged in". Ameruhusiwa, ndani.

Usiku mmoja wa mvua aliondoka, na magongo yetu akaondoka nayo. Mwenzangu akaandika "absconded".

"Discharged in" nimeitafuta kwenye kamusi zote nilizonazo. Haimo.

Jumapili, Sehemu ya 10: maneno ya maumivu. Njooni na mifano yenu ya "kichomi" na "kuvuta", tuone Mwingereza atasemaje.